Mkoa wa Constanța (Romania): bandari, nyuklia, mafuta na fukwe vyote vipo, mbona watu wanapungua?

#1 Mzigo_Bandarini
Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikifuatilia mambo ya bandari tangu DP World walipoingia Dar, nikakuta kumbe kampuni hiyohiyo inaendesha gati la makontena Constanța, Romania, tangu 2004. Nikaanza kuuchimba huo mkoa, na nimebaki na swali.

Tazameni walichonacho. Bandari kubwa kuliko zote Ulaya. Mtambo wa nyuklia, Cernavodă. Kiwanda cha kusafishia mafuta, Petromidia pale Năvodari. Mfereji wa meli unaounganisha mto Danube na Bahari Nyeusi. Fukwe za watalii kuanzia Mamaia mpaka Vama Veche, mpakani na Bulgaria. Mitambo ya upepo usiseme. Sasa sensa: mwaka 1992 mkoa ulikuwa na watu 748,769. Sensa ya 2021: 655,997.

Sisi huku kila siku tunaambiwa bandari ikinyooka na umeme ukipatikana, maisha yanakuja yenyewe. Wenzetu wanavyo vyote na wanahama. Wajuvi tusaidieni, shida ni nini?

#2 Kipanga wa Kilosa
Mimi nimeweka kambi hapa. Maji na karanga ninavyo.

#3 dereva_wa_Tunduma
Jibu ni fupi: Umoja wa Ulaya. Romania iliingia 2007. Kijana wa Constanța anapanda basi leo, kesho kutwa anajenga nyumba za Wajerumani kwa mshahara mara tatu. Italia na Hispania kumejaa Waromania. Ukifungua mlango, watu wanatoka. Uzi ufungwe.

#4 Baharia Mstaafu
Uzi haufungwi, kijana.

Kwanza #1, punguza chumvi. Constanța si kubwa kuliko zote Ulaya. Ni miongoni mwa kubwa za Bahari Nyeusi. Mwaka 2023, mwaka wake wa rekodi, ilihudumia tani milioni 92.5. Rotterdam mwaka huohuo ilipita milioni 430. Sijasema ni ndogo, ina kina cha kupokea meli za nafaka ambazo nyingi ya bandari za jirani haziziwezi.

Pili, ramani. Bila ramani huwezi kuuelewa huo mkoa. Danube inatoka Ujerumani, inapita nchi chungu nzima ikielekea mashariki. Ikikaribia bahari, badala ya kuingia, inageuka kaskazini kama imesahau kitu nyumbani, inakwenda mpaka Galați, ndipo inarudi mashariki na kumwaga maji kwenye delta kule Tulcea. Pale Cernavodă mto uko takriban kilomita 60 tu kutoka baharini. Mkoa wote wa Constanța umekaa kwenye kipande hicho kati ya mto na bahari. Utajiri wake ni ufupi wa njia.

Waingereza waliliona hilo mapema. Mwaka 1860, enzi za Waosmani, walifungua reli ya Cernavodă hadi Constanța kwa ajili ya nafaka. Baada ya vita vya Urusi na Waosmani, Romania ikapewa Dobrogea ya kaskazini, eneo lenye mkoa huu, mwaka 1878, na 1895 mhandisi Anghel Saligny akamaliza daraja la reli juu ya Danube pale Cernavodă. Bandari ya kisasa ikazinduliwa 1909. Mfereji ukaja kufunguliwa 1984, kilomita 64 na ushei kutoka Cernavodă hadi Agigea, unaokoa takriban kilomita 400 za kuzunguka delta.

Nimeingia pale kupakia ngano. Januari upepo wa kaskazini-mashariki unakukata masikio. Meli zinapanga foleni nje, na wewe unasali kwa dini zote.

#5 Mzigo_Bandarini
Shikamoo Baharia. Ndiyo maana nikaileta kwa wajuvi. Lakini swali langu liko palepale: njia fupi ipo, mzigo upo, watu wanapungua.

#6 Mama Pili wa Mikocheni
Huo mfereji mnausifia, semeni na ulivyochimbwa. Ulianza 1949, enzi za ukomunisti, kwa nguvu za wafungwa wa kisiasa: wakulima waliokataa kutoa mashamba, mapadri, wanasiasa, wanafunzi. Wengi walifia humo. Ukasimamishwa 1953, mashimo yakabaki. Ceaușescu, mtawala wa kikomunisti, akaufufua miaka ya sabini kwa njia nyingine na mitambo. Baharia umeruka kutoka 1909 hadi 1984 kama hakuna kilichotokea katikati.

#7 Baharia Mstaafu
Mama Pili, nilikuwa naeleza njia ya meli. Lakini ni kweli tupu uliyoandika.

#8 tabibu_mtarajiwa
Niko Constanța kwa masomo (Chuo Kikuu cha Ovidius kinapokea wageni udaktari), ninawasoma kutoka ghorofani hapa.

Mnaongea kama mkoa umekufa. Njooni Julai. Mamaia ni ukanda mwembamba wa mchanga, upande huu bahari, upande ule ziwa Siutghiol, na hoteli zimejipanga katikati. Wikiendi Bukarest yote inahamia huku kwa ile barabara kuu ya A2. Huwezi kupata hata kiti cha kahawa. Septemba ikipita, mtu anashusha shata, mbwa na shakwa ndio wanaobaki. Ajira za hoteli ni za miezi mitatu, ukijitahidi minne. Kijana atafanyaje miezi minane iliyobaki? Ndiyo hao mnaowakuta Italia.

Na kwa wenye nyumba, mwanafunzi ni mpangaji wa msimu wa baridi. Wa kwangu wa kwanza alitaka funguo zirudi kabla ya Juni, ili apangishe watalii kwa siku.

#9 Mchele Mpunga
#8 amemaliza. Utalii wa jua una kalenda yake.

#10 Hesabu Haidanganyi
Hapana, hajamaliza. Nimetoa kikokotoo.

Jiji la Constanța peke yake: 1992 watu 350,581. Mwaka 2021 watu 263,688. Limepoteza 86,893.
Mkoa mzima umepoteza 92,772.
Toa moja kwa nyingine. Nje ya jiji, mkoa wote umepoteza 5,879 tu kwa miaka karibu thelathini!

Kwa hiyo sehemu kubwa ya "wanaokimbia" hawajafika Italia. Wamefika Cumpăna, Valu lui Traian, Lumina, Agigea, vijiji vya kuzunguka jiji ambako kiwanja ni nafuu na mtu anajenga nyumba yake badala ya kukaa kwenye maghorofa ya enzi za ukomunisti. Ni Mbezi na Kibaha yao. Asubuhi wanaingia mjini kazini, jioni wanarudi.

#11 dereva_wa_Tunduma
Mkuu hesabu yako ina tundu. Kama wangekuwa wamehamia vijijini tu, idadi ya mkoa isingeshuka. Imeshuka 92,772. Hao wako wapi? Wamepanda basi, nilishasema.

#12 Hesabu Haidanganyi
Sikusema wote. Soma tena.

#13 dereva_wa_Tunduma
Nimesoma. Vijiji vya mbali vimeondokewa na watu, vya karibu vimepokea watu wa mjini, ukijumlisha unaona kama nje ya jiji hakujatokea kitu. Hiyo 5,879 inaficha mambo mawili makubwa yanayofutana. Hata mimi nimesoma hesabu.

#14 Kipanga wa Kilosa
Karanga zimeanza kunoga.

#15 Mkulima wa Narok
Hamjambo. Nalima ngano hapa Narok, kwa hiyo jina Constanța nalijua kwa uchungu. Ngano ya Bahari Nyeusi ikishushwa Mombasa, sisi bei yetu inatetemeka.

Mwaka 2023 Constanța ilipitisha nafaka tani milioni 36, na takriban milioni 14 kati yake zilikuwa za Ukraine, kwa sababu vita viliziba njia za Odesa. Nyingine zinatoka Serbia na Hungary kwa matishari. Sasa jiulizeni: ngano imelimwa Ukraine, tishari linashuka Danube, linapita mfereji, mkanda wa mashine unamimina kwenye meli, meli inaondoka. Mtu wa Constanța ameguswa wapi? Bandari ya nafaka ni bomba, na bomba haliajiri kijiji.

#16 Baharia Mstaafu
Hapo Mkulima umepiga kwenye mshono. Zamani meli ya nafaka ilikuwa na makuli mia na zaidi, magunia, kelele. Siku hizi meli ya tani elfu sitini unaweza kuipakia na watu unaowahesabu kwa vidole.

Ongeza jingine. Mwaka 1989 Romania ilikuwa na karibu meli 300 za serikali. Katika kila ghorofa pale Constanța ulimkosa vipi baharia? Miaka ya tisini zikauzwa, nyingine zikakamatwa kwa madeni bandari za watu, mpaka zikaisha. Mabaharia wao bado wapo, nimefanya nao kazi, wazuri sana, lakini wanatumikia bendera za wengine. Na ule uwanja wa kujengea meli wa Mangalia: ulipita kwa Wakorea wa Daewoo mwaka 1997, ukaja kwa Waholanzi wa Damen 2018, na 2024 ukaingia kwenye ufilisi. Mangalia ni mji mdogo, uwanja ule ndio ulikuwa mwajiri wake.

#17 chaurembo
Mimi nauliza tu, hakuna nafasi za kazi huko? Nina cheti cha mapishi na kuchomelea.

#18 tabibu_mtarajiwa
@chaurembo zipo, na ndicho kichekesho chenyewe. Serikali imekuwa ikitenga hadi vibali 100,000 kwa mwaka kwa wafanyakazi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Jikoni za hoteli za Mamaia na kwenye ujenzi utakuta Wanepali, Wasri Lanka, Wabangladeshi. Wenyeji wako Ujerumani, Wanepali wako hapa. Ila usimpe wakala pesa kabla mwajiri hajakupatia kibali cha kazi, kibali ndicho kinachotangulia viza. Kuna dada mmoja alikuja kwa mkataba wa "hoteli ya mwaka mzima". Oktoba hoteli ikafungwa.

#19 Bi Mwanakheri
Assalaam aleikum wanangu. Kuna Waislamu huko? Nimesikia kuna msikiti mkubwa.

#20 tabibu_mtarajiwa
Waaleikum salaam Bibi, shikamoo. Wapo wengi, Waturuki na Watatari, wamekuwepo tangu enzi za Waosmani, na Mufti wa Romania makao yake ni hapa Constanța. Msikiti mkubwa ulijengwa 1910 hadi 1913, Mfalme Carol I ndiye aliyeutoa kwa jamii ya Waislamu. Ndani kuna zulia kubwa la Hereke, zawadi ya Sultani Abdul Hamid. Ukipanda mnara unaiona bandari yote. Mangalia kuna wa zamani zaidi, wa Esmahan Sultan, wa karne ya 16. Medgidia kuna shule inayofundisha maimamu na walimu wa dini.

#21 Bi Mwanakheri
Mashaallah. Ahsante mwanangu, soma kwa bidii.

#22 Mchele Mpunga
Hajamwambia Bibi kwamba dakika chache kutoka hapo kuna Murfatlar, mashamba ya zabibu na mvinyo unaojulikana nchi nzima 😂

#23 Bi Mwanakheri
Nimekusoma wewe.

#24 fundi_mota
Turudi kwenye mada. Nyuklia. Mrusi aliwajengea mitambo, sasa Mrusi ana vita, lazima wawekezaji wakimbie.

#25 Mama Pili wa Mikocheni
Siyo Mrusi. Wa Kirusi ni Kozloduy, Bulgaria. Cernavodă ni teknolojia ya CANDU, ya Kanada, inayotumia urani ya kawaida na maji mazito. Walipanga vinu vitano, vilivyokamilika ni viwili: cha kwanza 1996, cha pili 2007. Kila kimoja takriban megawati 700, na kwa pamoja vinatoa karibu sehemu ya tano ya umeme wa Romania. Hata joto la nyumba za mji wa Cernavodă wakati wa baridi linatoka hapo mtamboni.

#26 fundi_mota
Kanada, Urusi, wote kuna barafu.

#27 Mama Pili wa Mikocheni
😐

#28 Shamba Darasa
Nimesoma kurasa zote, mnazunguka bandari kama hakuna nchi kavu nyuma yake. Mkoa una kilomita za mraba 7,071, zaidi kidogo ya nusu ya mkoa wa Kilimanjaro, na eneo kubwa ni shamba: ngano, shayiri, alizeti, mahindi. Ndio ukanda mkavu kuliko yote Romania, mvua ni milimita 400 hivi kwa mwaka, chini hata ya Dodoma.

Mtauliza ngano inaotaje. Inapandwa Oktoba, inalala chini ya theluji, inaamka na unyevu wa masika yao, inavunwa mwisho wa Juni na Julai kabla jua halijaimaliza. Mahindi ndiyo yanayoungua. Wakati wa ukomunisti walijenga mtandao mkubwa wa umwagiliaji, unaitwa Carasu, maji yanapandishwa kwa pampu kutoka kwenye mfereji. Baada ya 1989 vyama vya ushirika vikavunjwa, ardhi ikarudishwa kwa familia vipande vipande, pampu zikazimwa, mabomba mengi yakaishia kwa wauza vyuma chakavu. Mwenye hekta tatu hawezi kulipia umeme wa pampu. Akamkodisha mwenye hekta elfu, mwenye trekta linalojiendesha, yeye akaondoka. Huko ndiko watu walikotoka, #3 na #10 mnagombania walikoishia tu.

#29 Mkulima wa Narok
Hii nimeielewa mpaka kwenye mifupa. Kukodisha huku tunakujua.

#30 Mzigo_Bandarini
Shamba Darasa, na hiyo mitambo ya upepo? Nimeona Fântânele na Cogealac, minara 240, megawati 600, ilipokamilika 2012 ilikuwa shamba kubwa la upepo la nchi kavu kuliko yote Ulaya. Haikuwasaidia wakulima?

#31 Shamba Darasa
Mnara unakalia kipande kidogo, mwenye kipande hicho analipwa kodi ya ardhi. Jirani yake anapata kivuli na mlio. Baada ya ujenzi, walinzi na mafundi wachache. Rudi #15: bomba lingine.

#32 Mzigo_Bandarini
Na Petromidia?

#33 Baharia Mstaafu
Mafuta ghafi mengi ni ya Kazakhstan, yanakuja kwa meli, na wenye kampuni yenyewe ni Wakazakhi kwa sehemu kubwa. Pale kuna ajira za kweli, sikatai. Gesi nayo inakuja: kutoka visima vya Neptun Deep baharini itapandia nchi kavu Tuzla, kusini ya jiji, wanasema 2027. Wenye mradi ni kampuni za OMV Petrom na Romgaz.

#34 Mchele Mpunga
Naona mtu wa Mtwara anasoma hapa anatikisa kichwa.

#35 Mjukuu wa Mzee Said
Mimi naleta hoja ambayo hakuna aliyeigusa. Mnaanzia 1992 kama vile ni mwaka wa kawaida. Mwaka 1966 Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba kwa amri namba 770, na vidhibiti mimba vikawa adimu. Watoto wakazaliwa kwa wingi, miaka ya mwanzo hasa. Juu ya hapo serikali ikawa inasomba watu kutoka Moldova (eneo la mashariki ya Romania, si ile nchi jirani) na kwingineko kuja kujenga bandari na mfereji Constanța. Amri ikafutwa Desemba 1989, mara tu utawala ulipoanguka. Uzazi ukaporomoka.

Kwa hiyo 1992 ndipo puto lilipokuwa limejaa. Mnalinganisha puto lililopulizwa kwa nguvu na puto linalorudi kwenye ukubwa wake.

#36 dereva_wa_Tunduma
Uzazi unapungua Ulaya nzima. Haielezi kwa nini jiji limepoteza robo ya watu.

#37 Mjukuu wa Mzee Said
Jiji ndilo lililosombewa watu. Kazi ya serikali ilipokwisha, wengine wakarudi walikotoka.

#38 Hesabu Haidanganyi
Wote mnashindana kueleza kitu ambacho hamjakipima. Chukueni mkoa jirani, Tulcea, Dobrogea hiyohiyo, delta hiyohiyo ya Danube, lakini haina bandari kubwa wala nyuklia wala Mamaia. 1992: watu 270,997. 2021: watu 193,355. Imepoteza zaidi ya asilimia 28. Mkoa wa Constanța umepoteza asilimia 12 na kidogo. Hata Bukarest, mji mkuu, umepoteza asilimia 17 hivi kwa muda huohuo.

Yaani swali la #1 limekaa kichwa chini. Waulizeni kwa nini Constanța imepoteza watu WACHACHE hivyo. Pengine hilo bomba la Mkulima linashika watu kuliko tunavyodhani.

#39 Mkulima wa Narok
Tulcea ni mikoko na mwanzi, ndugu. Unalinganisha mji wa bandari na kinamasi halafu unasema bandari imeshinda?

#40 Hesabu Haidanganyi
Mikoko huko hakuna, ni matete. Na Bukarest nayo ni kinamasi?

#41 Mama Pili wa Mikocheni
Kabla hamjapigana: sensa inayoitwa ya 2021 watu walihesabiwa 2022, kwa sababu ya korona, na kwa mara ya kwanza wengi walijijaza wenyewe kwenye intaneti. Aliyeko Italia tangu muda mrefu ila mama yake amemwandika yupo nyumbani, mnamweka wapi? Asilimia zenu zinaning'inia hapo.

#42 dereva_wa_Tunduma
Ndiyo kusema waliokimbia ni wengi ZAIDI ya nilivyosema. Ahsante Mama Pili.

#43 Mama Pili wa Mikocheni
Sikusema hivyo.

#44 tabibu_mtarajiwa
Wakati mnahesabu watu, huku wanahesabu mchanga. Ufukwe wa Mamaia ulikuwa unaliwa na bahari, wakamwaga mchanga 2020 na 2021 mpaka sasa unatembea mita nyingi kabla hujayafikia maji. Wenye miguu mibaya wanalalamika.

#45 Baharia Mstaafu
Mchanga uliliwa kwa sababu Danube haileti tena kama zamani, mabwawa ya Porțile de Fier yameuzuia huko juu tangu 1972. Na kuta za bandari ya Midia zinakata mkondo unaoshuka kutoka kaskazini. Bandari inajenga huku, inabomoa kule. Andikeni na hiyo kwenye hesabu.

#46 Msimamizi
Ndugu, michango kuhusu mkataba wa TPA na DP World wa Oktoba 2023 nimeihamishia kwenye uzi wake, ilikuwa imeanza kuwa matusi. Hapa endeleeni na Constanța.

#47 Mzigo_Bandarini
Sawa Msimamizi, ingawa ndiko nilikokuwa naelekea. Baharia, swali moja: pale Constanța ada za meli zinaingia mfuko wa nani, jiji au taifa?

#48 Baharia Mstaafu
Mamlaka ya bandari ni kampuni ya taifa, iko chini ya wizara ya uchukuzi, Bukarest. Jiji lina hisa chache tu humo; zaidi linapata vumbi la ngano na malori, na kodi za wanaofanya kazi humo.

#49 Hesabu Haidanganyi
Kodi za wanaofanya kazi humo si kitu kidogo.

#50 Shamba Darasa
Kama wapo.

#51 chaurembo
Samahani, hiyo ya kuchomelea hamkunijibu. Uwanja wa Mangalia umefungwa kabisa au wanachukua watu?